Amana Katika Chumba cha Kupanga

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alfajiri na kabla jua halijaupita ukuta wa jirani, mimi hutandika mkeka barazani, nikafungua kompyuta mpakato yangu, nikakodi kwa muda wa saa mbili tu seva ngeni isiyo na kitu chochote ndani yake, kisha nikajaribu kuijenga upya humo, kwa nakala zilizohifadhiwa mbali na hapa, ile nyumba nzima ya programu ambayo wanachama wa sakosi yetu ya Ngamiani, Tanga, huitegemea kwa kuweka akiba zao na kuhesabu mikopo yao. Kazi hii haimletei mtu faida aionayo kwa macho. Inapokwisha, mambo yote huwa kama yalivyokuwa jana, na seva ile ya kukodi huvunjwa kabla ya adhuhuri. Lakini katika shughuli zote ninazozifanya mintarafu ya kompyuta, hii ndiyo nisiyokubali kuiahirisha, hata kama mgeni amekuja au mvua inanyesha, na katika makala haya nimekusudia kueleza kwa nini.

Wengi wetu tumezoea kusikia kuwa data ziko kwenye wingu, na neno hili, kwa uzuri wake, limewatuliza watu nyoyo mahali ambapo iliwapasa kuwa na hadhari. Hakuna wingu. Kuna jengo, aghalabu lisilo na madirisha, na ndani yake mna makabati ya chuma yaliyopangwa safu kwa safu, na katika kila kabati mna kompyuta zinazovuma usiku na mchana huku zikipozwa kwa hewa baridi. Na mwenye jengo hulipia umeme, ulinzi na nyaya, kisha huzigawa kompyuta zake mafungu mafungu na kuyapangisha kwa watu wa mbali, wasiomjua wala wasiojuana. Biashara hii ya kupangisha kompyuta kwa saa ilipata nguvu tangu mwaka 2006, kampuni ya Amazon ilipoanza kuuza huduma yake iitwayo EC2, na leo mtu aliye Tanga, mwenye kadi ya benki na dola 5 au 6 kwa mwezi, aweza kupata seva ndogo iliyo Ulaya kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha birika la chai. Ya kwetu iko Ujerumani. Sijapata kuiona, na mwenye nyumba hanijui ila kwa nambari ya mteja.

Ndani ya seva hiyo moja nimeweka makontena manne: la hesabu za sakosi, la orodha ya wanafunzi wa madrasa iliyo karibu nasi, la barua pepe, na la tovuti ndogo ya matangazo ya mtaa. Na kontena ni nini? Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili hahitaji mfano wa kutoka mbali. Na aifikirie nyumba ya vyumba sita, ukumbi ukipita katikati kutoka barazani hadi uwani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na kila chumba kikiwa na mpangaji wake, mlango wake na kufuli yake. Ndani ya chumba chake mpangaji hupanga kitanda na kabati apendavyo, hupaka ukuta rangi aitakayo, wala hajui jirani amekula nini. Lakini wapangaji wote wamo chini ya paa moja, juu ya msingi mmoja, na kisima walichonacho uwani ni kimoja.

Hivyo ndivyo kontena lilivyo. Kerneli ya Linux, ambayo ni ile programu ya chini kabisa inayosema na diski, kumbukumbu na prosesa, ndiyo msingi na paa, nayo ni moja tu kwa nyumba nzima. Juu yake kila kontena hupewa kuta zake: mafaili yake, orodha yake ya programu zinazoendeshwa, anwani yake ya mtandao, hata watumiaji wake wenyewe, kiasi kwamba programu iliyo ndani, ichungulie huku na huku, haioni ila chumba chake, nayo hudhani kuwa hicho ndicho nyumba yote. Fauka ya kuta hizo kuna mizani, kwani mwenye seva aweza kuamuru kwamba kontena hili lisitumie kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 1, na lile lisichukue zaidi ya nusu ya prosesa, kama vile mpangaji aliyefungiwa mita yake ya umeme asivyoweza kuacha pasi ikiwaka kutwa kwa gharama ya wenzake. Atakaye kompyuta pepe kamili, hujenga nyumba nyingine yenye msingi wake na kisima chake. Hiyo ni salama zaidi, lakini ni ghali na ni nzito. Kontena ni chumba, na kwa kuwa ni chumba, huwa tayari kwa sekunde chache, na seva ya mtu wa kipato cha kawaida huweza kubeba kadhaa bila kulemewa.

Kuta hizi si za kuigiza. Katika kila mfumo wa Linux yuko mtumiaji mkuu, ambaye nambari yake ni 0 na ambaye hakuna mlango usiomfungukia; walakini katika kontena lililojengwa kwa hadhari, mkuu wa ndani hujiona kuwa ni nambari 0 ilhali huko nje kerneli imemwandika kuwa ni nambari 100000, mtu wa kawaida asiye na amri juu ya chochote kilicho nje ya chumba chake. Namwomba msomaji aikumbuke nambari hii, kwa sababu nitairejea.

Fikra yenyewe ni ya kale kuliko vijana wengi wanaoitumia. Mwaka 1979, katika toleo la saba la Unix, ilikuwamo amri iitwayo chroot, iliyoweza kuifanya programu iamini kuwa folda fulani ndiyo mwanzo wa diski yote. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD ukaongeza kuta zaidi, na wenyewe wakaziita jela. Linux, ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, haikujengewa vyumba kwa siku moja. Kuta zake zilianza kusimamishwa mwaka 2002, ile mizani ilianza kutengenezwa na wahandisi wa Google mwaka 2006 na kuingia katika kerneli mwanzoni mwa mwaka 2008, na mwaka huo huo ikatokea programu ya LXC iliyovikusanya viungo hivi vyote mkononi mwa mtu mmoja. Kisha Machi 2013, Solomon Hykes alisimama mbele ya mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Santa Clara, California, akaonyesha kwa muda wa dakika 5 kitu kiitwacho Docker, na tangu siku hiyo habari ya makontena ikaenea duniani kote. Nembo ya Docker ni nyangumi aliyebeba makasha ya melini mgongoni, na sisi tuliokulia mji wa bandari twaielewa bila mkalimani: tangu meli Ideal X ilipoondoka Newark tarehe 26 Aprili 1956, ikiwa na makontena 58 kuelekea Houston, kuli na nahodha hawana tena haja ya kujua ndani ya kasha mna nini, maadamu kasha lina kipimo kinachojulikana na kila winchi.

Makontena yenyewe ni ya tabia mbili, na asiyezitambua atakosea katika kuyahifadhi. Lile la Docker ni kama chumba cha nyumba ya wageni. Msafiri hulala, hutoka, na asubuhi chumba hufagiwa pamoja na vyote alivyovisahau chini ya mto. Lolote lililoandikwa ndani ya kontena la namna hiyo hutoweka kontena linapofutwa, isipokuwa lile lililowekwa katika ghala maalumu lililotengwa nje yake, na kwa hiyo linalohitaji nakala ni ghala hilo pamoja na lile faili fupi linaloeleza jinsi chumba kilivyopangwa, basi. Tabia ya pili ni ile ya LXC, na ya LXD iliyoanzishwa mwaka 2014 na kampuni ya Canonical, watengenezaji wa Ubuntu, na ya Incus iliyochipuka kutoka LXD mwaka 2023. Hapa mpangaji hukaa miaka, hupigilia misumari ukutani na kuhamisha meza, na hakuna karatasi iliyoandika mabadiliko yote hayo. Mimi hutumia Incus, na chumba cha namna hii sharti kichukuliwe kizima.

Na ni wepesi wa kukichukua kizima ulionipumbaza.

Diski ya seva yetu hupangwa kwa ZFS, ambayo asili yake ni kampuni ya Sun Microsystems, na ZFS ina adabu moja ya uandishi ambayo karani wa zamani angeipenda: haifuti kamwe mstari wa zamani ili kuandika mpya juu yake, bali huandika mpya katika ukurasa mtupu, kisha hubadilisha faharasa ielekeze huko. Kwa hiyo mtu anapotaka kuihifadhi hali ya kontena kama ilivyo sasa hivi, yaani anapochukua kile ambacho mafundi huita snapshoti, hakuna kinachonakiliwa. ZFS huambiwa tu kwamba kurasa za zamani zisitupwe. Amri ni moja, huchukua chini ya sekunde moja, na mwanzoni haili nafasi yoyote. Nakumbuka siku ya Ijumaa niliposasisha mfumo wa kontena la sakosi, ikatokea hitilafu ikagoma kuwaka, nami nikaandika amri ya kulirudisha kwenye snapshoti ya dakika kumi kabla, nalo likasimama wima kana kwamba halikuguswa. Nilimshukuru Mungu, na kwa bahati mbaya nikajiona nimekwisha kuwa mtu mwenye nakala.

Ilikuwa Ramadhani, miaka kadhaa iliyopita, nami nimemaliza daku na bado nina bilauri ya maji mkononi, nilipofungua barua ya kampuni iliyonipangisha seva. Walisema kwa taadhima kuwa diski za mashine iliyobeba seva yetu zimeharibika, kwamba jitihada za kuzifufua hazikufaulu, kwamba wanasikitika, na kwamba kodi ya mwezi ule nitarudishiwa. Hawakuvunja ahadi yoyote, kwa sababu mkataba, nilipousoma kwa mara ya kwanza kwa makini alfajiri ile, ulisema bayana kuwa kuhifadhi nakala ni wajibu wa mpangaji. Zile snapshoti zangu 30, ambazo nilikuwa nikizitazama kila wiki kwa moyo mkunjufu, zilikuwa kwenye diski zile zile zilizokufa. Zilikuwa kurasa za kitabu kile kile, na kitabu kilikuwa kimeungua.

Nilikuwa pia na utaratibu wa pili, ambao kila usiku ulipeleka nakala kwenye kompyuta kuukuu iliyo nyumbani. Nikaifungua kompyuta hiyo na mikono ikitetemeka, nikakuta nakala ya mwisho ni ya siku 41 nyuma. Diski ya kupokelea ilikuwa imejaa pomoni. Kila usiku, kwa muda wa siku 41, programu ya kunakili ilijaribu, ikashindwa, ikaandika barua ya kueleza kushindwa kwake, na barua ile ikawekwa katika sanduku la barua la mtumiaji mkuu lililo ndani ya seva ile ile, ambalo sikupata kulifungua hata siku moja tangu nilipoanza kazi hii. Taksiri ilikuwa yangu.

Nilitoka kwa miguu hadi barabara ya 9, kwa mama mhasibu wetu, ambaye umri wake ni sawa na wa mama yangu mzazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekusawijika asubuhi yote hii?"

Nikamweleza. Hakunilaumu, wala hakuniuliza seva ni nini. Aliingia ndani akarudi na daftari nene la kaunta buku, jalada lake limefungwa kwa gazeti na juu ya gazeti nailoni, akalifungua mapajani. Akiba zilikuwa zimeandikwa kwa wino wa buluu na mikopo kwa wino mwekundu, kila mstari na tarehe yake, jina, nambari ya stakabadhi na saini au dole gumba. "Kila shilingi hupita hapa kabla haijaingia huko kwenye mashine yenu," alisema. "Kaa uandike."

Tuliandika jioni tisa, baada ya tarawehe, yeye akisoma na kidole chake kikitambaa chini ya mstari, mimi nikichapa, na kila baada ya ukurasa akinitaka nimsomee jumla ili ailinganishe na yake. Yalikuwamo majina ya watu ninaopishana nao kila siku: muuza samaki wa sokoni aliyeweka shilingi 3,000 kila Jumatatu bila kukosa, fundi cherehani anayelipa mkopo wa mashine yake, kijana wa bodaboda aliyekuwa amebakiza awamu mbili. Ndipo nilipotanabahi jambo ambalo nilikuwa nikilijua kwa maneno tu. Watu hawa hawaijui Ujerumani wala Incus, na hawakumpa amana yao mwenye jengo la makabati, walinipa mimi. Na katika mila zetu za pwani, mtu aliyewekewa amana, hata iwe kanga mbili zilizofungwa katika fundo, hasemi kuwa zimo sandukuni kwa sababu anakumbuka kuziweka. Hulifungua sanduku akazitazama.

Baadaye nilisoma kuwa wakubwa kuliko mimi wamepatwa na haya haya, nami nikayasoma kwa mazingatio ya mtu aliyeungua. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa GitLab, huduma inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote, akiwa amechoka katika kazi ya usiku, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba, na alipositisha amri yake, katika data zenye ukubwa wa gigabaiti 300 hivi, zilikuwa zimebaki gigabaiti 4.5. Walikuwa na njia tano za kujihifadhi, na usiku ule hakuna hata moja iliyokuwa tayari kuwaokoa kama walivyotarajia. Programu ya kunakili hifadhidata ilikuwa ya toleo lisilolingana na hifadhidata yenyewe, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila siku. Na barua pepe za kutangaza kushindwa huko zilikuwa zikikataliwa njiani kwa kukosa saini ifaayo. Kilichowanusuru ni snapshoti ambayo mtu mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono, saa sita kabla, kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Kampuni ile ilieleza kila kosa hadharani, hata ikaonyesha kazi ya urejeshaji moja kwa moja kwenye YouTube, na kwa unyofu huo wametufundisha wengi.

Na kama yuko anayedhani kuwa jengo lenye walinzi na mitambo ya kisasa haliwezi kupotea lote, na akumbuke Strasbourg. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika kituo cha kampuni ya OVHcloud kando ya mto Rhine, ukaliteketeza jengo moja la ghorofa tano na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Hakuna aliyejeruhiwa, na hilo ni la kushukuriwa kwanza. Asubuhi yake mwasisi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaambia wateja watekeleze mipango yao ya kukabili maafa. Wako waliokuwa na mipango hiyo, wakahamia kwingine mchana ule ule. Wako ambao nakala zao zilikuwa katika kituo kile kile, zikaungua pamoja na asili. Na watengenezaji wa mchezo wa Rust walitangaza kuwa data za seva zao zilizokuwa huko zimepotea moja kwa moja.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ambayo mafundi huitaja kwa tarakimu tatu: nakala 3, juu ya vyombo vya aina 2, na 1 kati yake iwe mbali. Mimi huifuata hivi. Saa nane usiku, kabla ya jambo jingine lolote, hifadhidata ya sakosi, ambayo ni PostgreSQL, huamriwa ijieleze yenyewe kwa maandishi. Kwa maana kunakili mafaili ya hifadhidata inayofanya kazi ni kama kumpiga picha mtu anayekimbia, huenda mguu mmoja ukatoka na mwingine usitoke, ilhali hifadhidata ikijieleza hutoa hali yake yote kama ilivyokuwa katika dakika moja, hata kama wakati huo kuna mtu anaweka akiba. Kisha huchukuliwa snapshoti ya kila kontena, na kutoka katika snapshoti hiyo programu ya restic husoma mafaili, huyakata vipande, hutambua vipande ambavyo imekwisha kuvihifadhi ili isivirudie, huvifunga kwa fumbo, na kuvipeleka kwa kampuni nyingine katika nchi nyingine. Asubuhi kompyuta ya nyumbani huvuta nakala yake. Hubakizwa nakala za siku 7, za wiki 4 na za miezi 12.

Kuna mambo mawili katika utaratibu huu ambayo sikuyasoma popote kwanza, bali niliyatamani baada ya ile Ramadhani. La kwanza ni kwamba ufunguo uliomo ndani ya seva una idhini ya kuongeza nakala tu, hauna idhini ya kuzifuta, ili mwizi atakayeingia siku moja asiweze kuua mama na mtoto kwa pigo moja. La pili ni habari ya ujumbe. Sikutaka tena kuambiwa jambo linaposhindwa, kwa kuwa kinachoshindwa aghalabu hushindwa hata kusema. Nimetaka kuambiwa linapofaulu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri simu yangu hupokea ujumbe mmoja wa maneno machache wenye tarehe na ukubwa wa nakala, na asubuhi isiyo na ujumbe ndiyo asubuhi ninayoacha chai mezani.

Nenosiri la nakala hizo, ambalo likipotea hakuna fundi yeyote duniani awezaye kuzifungua, limeandikwa kwa kalamu juu ya karatasi mbili. Moja iko kwangu. Ya pili iko katika kasha la mama mhasibu, pamoja na makaunta buku yake, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, maana mimi pia ni binadamu na barabara zetu zina malori. Na kuzilinda taarifa hizi si suala la hiari tena: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamwekea kila anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, na inaweka masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi, jambo linalomgusa kila aliyepanga seva Ulaya kwa ajili ya watu wa Tanga.

Nakala ya nyumbani ilipata kazi yake tarehe 12 Mei 2024, siku nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Seva yetu huko Ujerumani ilikuwa nzima, yenye siha kamili, ila njia ya kuifikia ilikuwa imezama baharini; kurasa zilizozoea kufunguka kwa sekunde zilichukua dakika, kisha zisifunguke. Niliwasha kontena la sakosi kwenye ile kompyuta kuukuu, kutoka katika nakala ya asubuhi, na mama mhasibu akaendelea kusoma salio za watu wake kupitia waya wa nyumbani, akiandika mapya kwa wino mpaka njia ilipofunguka.

Lakini hata hayo yasingewezekana lau nisingelikuwa nimekwisha kushindwa faraghani. Jumamosi ya kwanza kabisa niliyojaribu kurejesha, nilikuwa bado napeleka nakala kwa rsync, programu nzuri ambayo tangu mwaka 1996 imewafaa watu wa intaneti hafifu kama yetu kwa kupeleka tofauti peke yake. Mafaili yote yalikuwapo, hesabu yake ilikuwa sawa, ukubwa wake sawa. Nikaliwasha kontena, nayo PostgreSQL ikakataa kuamka, ikisema kwamba folda yake haina mmiliki anayestahiki. Niliduwaa kwa muda mrefu. Hapo ndipo ile nambari 100000 inaporudi: ndani ya kontena kila faili lina mwenyewe, na wenyewe hao hutambulikana nje kwa nambari zinazoanzia 100000; nami nilikuwa nikizipokea nakala kwa akaunti ya kawaida, isiyo na mamlaka ya kuyapa mafaili wamiliki wengine, kwa hiyo kila faili lilipofika lilivuliwa jina la mwenyewe na kuvikwa jina la mpokeaji. Usiku hata usiku, kwa miezi, nilikuwa nimehifadhi kwa uaminifu nyumba kamili isiyo na hati. Hakuna ujumbe wowote wa kufaulu ungeweza kunionyesha hilo, kwa kuwa kunakili kulikuwa kunafaulu kweli. Tangu hapo nahifadhi kwa njia inayoandika umiliki ndani ya nakala yenyewe, na siku nyingine za majaribio zimenifunulia mengine: cheti kilichopitwa na wakati, toleo la kerneli lisilolitambua jambo fulani, anwani ya mtandao iliyoandikwa kwa mkono mahali nilipokwisha kupasahau.

Jumamosi iliyopita nilianza saa kumi na mbili na robo asubuhi. Seva ngeni ilikuwa tayari kwa muda usiotimia dakika moja. Nikaweka Incus, nikasoma nenosiri kutoka katika karatasi yangu herufi kwa herufi, kwa sababu sharti nililojiwekea ni kutotumia chochote kilichokumbukwa na kompyuta, nikaamuru restic irudishe. Dakika 38 zilipita, na jua likafika kwenye kizingiti. Kontena la sakosi likawaka. Nikampigia simu mama mhasibu, nikasikia kurasa zikifunuliwa, akanisomea nambari ya stakabadhi ya mwisho ya Ijumaa, jina la mwenyewe, na kiasi. Nami nikayasoma yale yaliyokuwa mbele yangu kwenye kioo, polepole, tarakimu moja moja. Akanyamaza kidogo, akilinganisha.

"Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu," akasema. Nikaivunja ile seva ya saa mbili, nikaandika tarehe katika daftari langu, naye akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai.